Samaki wa Hajati Wasiofika Kimo

Jumatatu, 3 Septemba 2018. Kasese

Mgongo umekufa. Asubuhi nzima nimepakia saruji Hima, mchana nimeishusha Kasese, jioni Hajati Mastula akakumbuka kwamba ilitakiwa kushushwa Bwera. Tukapakia tena. Nikipiga chafya natoa ukuta.

Lakini kuna habari! Hajati, tajiri wangu, muuza vitenge, anafungua nyumba ya wageni huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, itasomwa dua na watu watakula pilau. Mapokezini anataka wawepo samaki wake wa bahari, wale walio kwenye tangi la kioo dukani. Aliachiwa na injinia mmoja Mhindi alipohama. Tangi jipya, kubwa kuliko la zamani, liko Bwera tayari. Meza yake inatengenezwa huko huko. Atakayewahamisha samaki salama ndiye atakuwa mtunzaji wao, na mtunzaji atapewa chumba cha uani. Kina dirisha. Kina mlango. Mlango una komeo kwa ndani!

Tangu niondoke Sikonge kufuata lori la pamba sijawahi kufunga mlango mwenyewe kwa ndani. Nalala stoo ya vitunguu pamoja na Ojara, mlinzi wa Hajati, mwanajeshi mstaafu wa kutoka Kitgum. Ojara hutoa amri usingizini. Juzi nilizinduka nimesimama mguu sawa, mwenyewe anakoroma.

Hajati alitutazama sote, akaniuliza, "Wewe Maganga, si wewe ni mutu ya bahari?"

Watu wa hapa wakisikia Kiswahili changu hudhani nilizaliwa majini. Ukweli ni kwamba Sikonge iko Tabora, katikati ya nchi kavu, na maji tunayaona kwenye ndoo. Bahari nimeiona kwenye kalenda, mwezi wa Machi. Nikajibu kwamba babu yangu alikuwa akichunga samaki. Ojara akasema na yeye hulinda chochote, jeshini alilinda daraja, na daraja halikuibiwa. Hajati akasema basi tushirikiane.

Tushirikiane! Komeo ni moja.

Jumanne, 4 Septemba

Nimewakagua. Kuna wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mmoja wa buluu, mwenye uso wa mtu aliyekatizwa maneno. Kaa mdogo anayeishi ndani ya gamba la konokono marehemu, yaani mpangaji kama mimi. Na kitu kama ua chenye vidole, ila kinakula. Mawe yana ukoga. Mchanga mchafu. Aibu tupu. Hajati akasema injinia alimwonya jambo kubwa juu ya uchafu ule, ama uoshwe haraka ama usiguswe kabisa, amesahau ni lipi, ila mimi nitajua. Nikasema najua.

Nikachovya kidole, nikaonja maji mbele ya wateja, nikafumba macho. Nikasema, "Naam. Haya ni ya kina kirefu." Watu wakanong'ona. Mama mmoja akaacha kitenge alichokuwa akipatania, akaja kuangalia. Ojara naye akaonja, akafumba macho, akakimbilia nje kutapika. Moja bila.

Jioni akapiga simu Philippe, seremala Mkongo anayetengeneza meza ya tangi. Alitaka vipimo. Hajati akanipa simu, kwa sababu tangi jipya nililibeba mimi kuliingiza kwenye lori. Kitu nilichokibeba nakijua. Nikamwambia urefu wake ni pima moja kamili, kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kidole kile, mikono ikinyooshwa. Philippe akauliza, "Pima ya nani, ndugu yangu?" Nikamjibu pima ni pima. Mafundi wengine hupenda kujichosha.

Alhamisi, 6 Septemba

Tatizo. Tangi jipya ni kubwa, maji ya zamani hayalijazi. Injinia aliacha ndoo ya chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, lakini imebaki kiasi cha kutia kwenye yai. Hajati akauliza kwetu bahari ikipungua tunafanyaje. Nikasema tunaongeza.

Kisha nikapata akili! Si Katwe iko pale? Ziwa zima la chumvi, watu wanaichimba humo tangu enzi za mababu zao. Nilidandia lori la Abubaker, dereva wa Hajati, nikarudi na magunia ya chumvi ya mawe. Nashangaa wazungu wanahangaika na chumvi ya ndoo.

Ojara alicheka hadi akashika ukuta. "Wewe raia! Hii ni chumvi ya ng'ombe!" Nikamwambia ng'ombe na samaki wote ni mifugo.

Ili kumnyamazisha nilifanya jaribio. Nikanunua ngege, yaani perege, mmoja sokoni, nikamtumbukiza kwenye beseni la maji ya Katwe. Hakuogelea. Ojara akatangaza kwamba amekufa. Nikamkumbusha kwamba alikuwa amekufa tangu sokoni, kwa hiyo jaribio halikupinga chochote. Tukamla. Hakuhitaji chumvi.

Jumamosi, 8 Septemba

Ojara anacheza mchezo mchafu. Amewapa samaki vyeo! Wa chungwa ni Koplo na Sajenti. Wa buluu ni Kapteni. Asubuhi anasimama mbele ya kioo, anapiga makofi, nao wanakuja kupanga mstari. Hajati alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nikikaribia wanajificha nyuma ya jiwe. Nimejaribu makofi. Nimejaribu mluzi. Nimejaribu kuwaambia kwa upole kwamba mimi ni mtu wa kwao.

Kapteni alinigeuzia mkia.

Ojara anasema akipata kile chumba atamleta mkewe, Amony, kutoka Kitgum. Ameshamwambia kwa simu kuhusu dirisha. Mtu gani anatangaza dirisha la mwenzake?

Jumatatu, 10 Septemba. Bwera!

Naandika nikiwa chumbani. CHUMBANI. Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi tulihamisha kila kitu. Maji ya zamani kwenye mapipa. Samaki watatu kwenye pipa lao. Kaa kwenye ndoo yake, na ua kwenye yake yenye kifuniko. Mawe na mchanga kwenye magunia. Tangi la zamani nalo tukalipakia, maana Hajati hatupi kitu. Yeye alitangulia na gari dogo. Abubaker akashika usukani, mimi nikakaa mbele, Ojara nyuma akishikilia kifuniko cha pipa na kuwaambia samaki watulie.

Njia panda ya Kikorongo, kizuizi kipya. Siku hizi kuna wanajeshi wa doria wanaokamata samaki wachanga, wale wanaovuliwa ziwani kabla ya kukua. Mkuu wao ni afande Byaruhanga, mrefu, mpole, ana ubao wa kupimia wenye alama nyekundu. Samaki asiyefika kwenye alama hapiti. Akauliza tumebeba nini. Abubaker, mjinga yule, akasema samaki.

Byaruhanga alifunua pipa. Akamchota Sajenti kwa kikombe cha chai, akamsogeza kwenye ubao. Sajenti hakufika hata robo ya njia.

"Hii iko mutoto kabisa! Mama yake iko wapi?"

Nikasema, afande, hawa ni watu wazima. Wawili hawa wana ndoa. Akasema kila anayekamatwa husema hivyo. Nikasema ni samaki wa bahari. Akauliza bahari ya Uganda iko wilaya gani. Nikasema ni mapambo, hawaliwi. Akasema sheria haijui mapambo, inajua ubao.

Nikamkaribisha soda, akakataa. Chai, akakataa. Mtu mwaminifu ni shida kubwa barabarani.

Akaendelea na ndoo. Akampima kaa, akafikiri, akasema kaa si samaki, apite. Ua likamshika kidole. Akasema hiyo ni mboga, ipite. Lakini samaki watatu watabaki chini ya ulinzi mpaka mkubwa wake arudi safari, ama mpaka wafike kimo, kipi kitangulie. Na mtu mmoja abaki na ushahidi.

Hapo akili yangu ikawaka kama taa ya treni. Nikamsukuma Ojara mbele. Nikasema huyu ni mwanajeshi mwenzenu, anajua amri, na samaki wenyewe wana vyeo. Kabla sijamaliza Ojara alikuwa ameshapiga saluti. Nikamwachia pampu ya baiskeli ya Abubaker na kipande cha mpira ili awapulizie samaki hewa, maana majini hewa huisha, hilo hata mimi nalijua. Nikaruka kwenye lori. Mpinzani amezuiliwa Kikorongo, mimi naenda kwenye komeo! Nilicheka mpaka Kinyamaseke.

Hajati aliuliza samaki wako wapi. Nikamwambia samaki wa bahari hawahamishwi kwa safari moja, hupumzishwa njiani, na Ojara anawaangalia. Akasema, "Kumbe! Kama mahujaji." Mwanamke mwelewa sana. Akanipa ufunguo wa chumba niutunze mpaka Ijumaa.

Nimefunga komeo. Nikalifungua. Nikalifunga tena. Linatoa mlio mzuri.

Jumanne, 11 Septemba

Philippe ni mfupi. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Kichwa chake kinanifika kifuani, na mikono yake inalingana na kichwa chake. Meza yake ni nzuri, mbao nzito, imepigwa msasa mpaka inateleza, lakini tangi limeipita huku na huku kama mtu mzima juu ya punda. Nikamlaumu. Akasema yeye alipima vizuri, pima moja kamili, ya kwake, kwa sababu ya kwangu ilibaki Kasese. "Meza iko bien, ndugu. Mukono yako njo iko murefu." Tukaegemeza kila ncha kwa mifuko ya saruji. Mifuko nikaivisha kitenge. Inaonekana kama mito ya wageni wazito.

Kisha nikaosha. Mawe yote, kwa Omo na brashi ya chuma. Mchanga pia. Nikavianika juu ya mabati. Vimekuwa vyeupe kama meno ya mtu wa tangazo. Mapipa ya maji ya zamani yananuka, nimeyasukumia nyuma ya choo, nitayamwaga nikipata nguvu. Tangi nimelijaza maji ya bomba na chumvi ya Katwe, gunia baada ya gunia. Yana rangi ya chai ya mtu bahili wa maziwa.

Nikamtia kaa awe wa kwanza. Alisimama kwenye jiwe, akainua jicho moja, akainua la pili. Akapanda jiwe. Akapanda kioo. Akaanguka nje, akaondoka zake bila kuaga. Nimemtafuta chini ya kila kitanda. Ua sikulitia, maana sikumbuki ndoo yake niliiacha wapi.

Jumatano, 12 Septemba

Ojara amepiga simu! Ametumia simu ya afande. Nilitarajia kilio. Wapi! Anasema hali ni shwari. Samaki wazima. Ameweka zamu. Kila anayekamatwa kizuizini hapo anasubiri kesi yake akipuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, naye Ojara anasimama kando: "Piga hewa! Moja, mbili! Moja, mbili!" Chakula chao ni dagaa wa kusaga, analeta mke wa afande, anaitwa Pretty, na Koplo anakula mkononi mwake. Kila asubuhi kwenye paredi samaki wanapimwa upya. Mpaka sasa hawajakua. Byaruhanga amewaambia wasikate tamaa.

Kisha akauliza kama Hajati ana habari kwamba wameshikwa. Nikasema mtandao mbaya. Akasema ananisikia vizuri. Nikakata.

Hajati naye ananiuliza kila akipita, "Maganga, samaki?" Namwambia kesho. Ameshawaalika wafanyabiashara wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na amewaambia wazi kwamba kuna samaki ambao hata Kampala ni wa kutafuta. Leo aliongeza neno dogo: tangi likiwa tupu siku ya dua, mtu fulani atarudi kwenye saruji, na ufunguo ataurudisha kabla ya pilau.

Usiku sikulala. Si kwa hofu. Nilikuwa nafunga na kufungua.

Alhamisi, 13 Septemba

Mungu hamtupi mja wake mwenye kisu kikali. Karoti!

Ona jinsi zilivyo. Rangi ya chungwa tayari. Mwili mnene mbele, mwembamba nyuma. Nimechonga mbili, mistari nimepaka kwa chokaa ya ukutani, macho ni pilipili manga, mapezi ni maganda ya vitunguu. Nikiziangalia kwa mbali naona haya kwa jinsi zinavyonitazama. Wa buluu alinitesa, hakuna mboga ya buluu. Nikakumbuka kandambili za buluu za Ojara, kwenye mfuko wake uliobaki kwenye lori. Nimechonga moja. Ile nyingine nimemwachia, mimi si mwizi.

Nimezijaribu kwenye ndoo ya maji ya jikoni. Karoti zilizama vizuri, kwa heshima. Kwa hiyo nitazifunga uzi, nizining'inize kutoka kwenye kifuniko, zisimame katikati ya maji. Mtu akipita, upepo wa feni utatikisa uzi, nazo zitaogelea. Kandambili nimeifungia jiwe dogo tumboni. Kesho baada ya swala tu nitazitia, nifunike tangi kwa kitenge mpaka Hajati alifunue mwenyewe.

Philippe alipita akaniona nachonga. Akauliza napika nini. Nikamwambia ni siri ya bahari. Akatikisa kichwa, akachukua vipande vilivyobaki, akavila.

Ijumaa, 14 Septemba

Naandika kwenye ngazi za nje. Nitaeleza kwa nini.

Watu walijaa. Sheikh, wazee wa msikitini, wafanyabiashara wa Kasindi na wake zao, jirani zetu wote, na wengine ambao walifuata harufu tu. Viatu mlangoni kama duka la mitumba. Dua ikasomwa, tamu, ndefu. Hajati akasimama kando ya tangi, amependeza kupita kiasi, akasema maneno machache kuhusu subira, akavuta kitenge.

Watu wakanyoosha shingo.

Hakuna aliyenieleza kwamba maji ya Katwe hayataki kitu kizame! Karoti zote mbili zilikuwa juu kabisa, zimelala ubavu, uzi umelegea. Chokaa ilikuwa imetoka na kuyafanya maji uji. Kandambili ilikuwa imeponyoka jiwe lake, imepinduka chali, na namba ya kiatu inasomeka vizuri sana.

Mama mmoja wa Kasindi akashika mdomo. "Yesu! Zote zimekufa?"

Hajati akanitazama. Nikasema kwa sauti ya utulivu kwamba wamelala, samaki wa bahari hulala mchana wa Ijumaa. Mzee mmoja akasema huyu wa buluu amelala na soli yake.

Hapo ukasikika ukelele mlangoni. Sheikh alikuwa ametoka nje kupokea simu, akatumbukiza mguu kwenye kiatu, na kumbe kaa alikuwa ameshahamia humo. Kumtoa ilikuwa kazi ya watu. Alishikilia kiatu kama mwenye hati.

Katikati ya ghasia ikaingia pikapu ya jeshi. Nyuma yake, pipa. Kando ya pipa, Ojara, kifua mbele. Akashuka na afande Byaruhanga, ubao kwapani. Watu wakawapisha. Byaruhanga akaja moja kwa moja kwenye tangi, akaona vile vitu vya chungwa vinaelea, na kwa mazoea tu akachota kimoja, akakilaza kwenye ubao. Karoti ilivuka alama nyekundu.

"Hizi zimefika kimo," akasema. "Hizi hazina kesi."

Akaigeuza. Akainusa.

"Lakini hii iko karoti."

Nyumba nzima ikasogea mbele kuona. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangi lilikuwa likivuja polepole juu ya mifuko ya saruji. Upande mmoja mfuko ulikuwa umegeuka jiwe, upande wa pili umegeuka uji. Tangi likainama, kama mtu anayetaka kunong'ona jambo. Philippe akapiga kelele, "Attention!" Likateleza. Wageni wakapanda viti. Maji ya Katwe yakapita mapokezini, yakapita ukumbini, yakatoka uani na karoti zikiongoza njia. Pilau ilipona kwa sababu wapishi waliinua sufuria juu kama jeneza.

Hajati hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimuuliza Ojara taratibu imekuwaje.

Ojara akaeleza yote, kuanzia Kikorongo. Asubuhi ya leo, kumbe, alimpigia Hajati kumwomba picha ya zamani ya samaki, naye akaituma akidhani Ojara anataka tu kuitazama. Ilikuwa picha ya Idi ya mwaka juzi. Hajati amevaa dhahabu zake, nyuma yake Koplo, Sajenti na Kapteni, urefu ule ule wa leo. Byaruhanga aliipima kwa ubao, akaipima tena, akatoa hukumu: mtu akishindwa kukua tangu Idi ya mwaka juzi, basi huo ndio urefu wake, aachiwe.

Nilidhani yameisha. Lakini ile meza ya Philippe ilibaki wazi, imara, kavu. Ojara akalileta tangi la zamani kutoka stoo ya hapo Bwera, akaliweka juu yake. Lilikaa sawasawa, ncha kwa ncha, kama lilichongewa! Philippe akanyoosha mikono yake mifupi, akaionyesha kwa kila mtu. Ojara akauliza maji ya zamani yako wapi, maana injinia alikuwa akisema mbele yake kwamba uchafu ule ndio dawa ya samaki. Yalikuwa nyuma ya choo, sikuwahi kuyamwaga. Abubaker akaja na ndoo iliyokuwa chini ya kiti cha lori, na ua lilikuwa humo, zima, limeshiba hasira. Kaa akarudishwa, bila kiatu.

Kila nilichokisahau kilipona. Hilo lazima nipewe sifa zake.

Ojara akapiga makofi. Wale watatu wakapanga mstari kwenye kioo. Umati ukashangilia, Byaruhanga akapiga saluti, na Kapteni, naapa, akamtikisia pezi.

Ufunguo niliurudisha kabla ya pilau. Nilipokwenda chumbani kuchukua vitu vyangu nilikuta vimeshawekwa mlangoni. Blanketi langu limekunjwa kijeshi, kona nne, hata mama yangu hajawahi kunikunjia hivyo. Ojara alikuwa kwenye simu, anamwambia Amony rangi ya ukuta. Aliponiona akateremsha simu. Hakunicheka. Akasema, "Raia, kula kwanza ndiyo uende."

Nilikula. Kisha nikakaa hapa kwenye ngazi, na ndani nikasikia komeo. Ule mlio naujua.

Jumapili, 16 Septemba. Hima

Saruji tena. Tena ya jua kali. Nimelala chini ya turubai la lori na mguu wa mtu nisiyemjua.

Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea, kwa uaminifu, bila kujipendelea. Kosa lilikuwa la Philippe. Na la Katwe. Na la karoti za Bwera, ambazo ni nyepesi.

Lakini kuna habari! Mchana alikuja hapa Hima kijana mmoja anaitwa Tonny, anatafuta mtu wa kwenda Ibanda, kule wanakoanzia safari ya kupanda Rwenzori. Kuna wageni wanataka kufika kwenye theluji, na mkuu wa wabeba mizigo wao ameugua. Mkuu hupewa kibanda chake peke yake. Nikauliza kama kina mlango. Kina. Nikauliza kama mlango unafungwa kwa ndani. Tonny akacheka, akasema wewe babu unaogopa chui? Kisha akasikiliza Kiswahili changu, akainamisha kichwa. "Wewe ni Mtanzania? Kwenu si ndiko iko Kilimanjaro? Basi theluji unaijua!"

Toka Sikonge mpaka Kilimanjaro sijui ni siku ngapi, sijawahi kwenda. Nikamwambia nilizaliwa chini yake kabisa, na bibi yangu alikuwa akihifadhi theluji kwenye chungu.

Nimejiandaa kikamilifu. Kwa muuza soda hapa nimeomba kipande cha barafu, nikakishika mpaka kikaisha. Hakuna zaidi ya hapo, ndiyo theluji yote. Tonny anasema mizigo ni mizito mno, na nusu yake ni makoti ya wageni. Nimemwamuru ayaache yote Ibanda. Kule juu ni karibu zaidi na jua.

Tunaondoka alfajiri.